Sifuri Iliyopita Bila Kuulizwa

Maktaba ya kutumiana ujumbe hupokea anwani kwa maandishi. Anayetumia ZeroMQ, kwa mfano, huandika tcp://127.0.0.1:5555, yaani njia ya kusafirishia, anwani ya kompyuta, kisha poti. Kuihakiki huonekana kazi ndogo: kila namba kati ya zile nne isizidi 255, poti isizidi 65535. Udogo huo ndio uliowaponza wengi.

Zingatia yaliyoipata lugha ya Python. Moduli yake ya ipaddress ndiyo huamua kama anwani ni halali. Zamani ilikataa baadhi ya namba zinazoanza na sifuri, kwa sababu zinasomeka kwa namna mbili. Toleo la 3.8 lilipotoka Oktoba 2019, kinga hiyo ilikuwa imeondolewa. Anwani 010.8.8.8 ikawa inapokelewa kama 10.8.8.8.

Kumbe zana nyingi za mtandao, kwa desturi iliyotokana na lugha ya C, zikiona sifuri mbele huhesabu kwa nane, si kwa kumi. Kwao 010 ni nane, na anwani ileile ni 8.8.8.8, iliyoko nje kwenye intaneti. Mhakiki anaipitisha akidhani ni ya mtandao wa ndani; sehemu inayounganisha inaupeleka ujumbe nje. Hatari huja kinyumenyume pia: 0177.0.0.1 huonekana kuwa 177.0.0.1 ya mbali, kumbe inafika 127.0.0.1, kompyuta yenyewe, ambako huduma nyingi hazidai hata nywila.

Mwaka 2021 kasoro hii ilifichuliwa katika netmask, maktaba ya JavaScript, kisha katika Python, ikasajiliwa katika orodha ya kasoro za usalama kwa namba CVE-2021-29921. Toleo la Python 3.9.5, Mei mwaka huohuo, likaanza kukataa kila sifuri ya mbele.

Funzo la kwanza: majaribio ya anwani njema hayatoshi. Andika majaribio mengi zaidi ya anwani zinazopaswa kukataliwa: sifuri mbele, 256, poti 65536, nafasi tupu mwishoni, sehemu iliyokosekana. Kumbuka pia kwamba uhalali hutegemea kazi: katika ZeroMQ, tcp://*:5555 inamfaa anayesikiliza, lakini haimfai anayeunganisha. Kila upande uwe na majaribio yake.

La pili: mhakiki na muunganishaji wasome kitu kimoja. Anwani ikishahakikiwa, peleka mbele namba zilizopatikana, usiyarudie maandishi ya awali.

La tatu: kinga au jaribio linalokusumbua usilifute kabla ya kujua liliwekwa kuzuia nini. Ukijua, andika sababu hiyo kando yake, ili atakayekuja baada yako asiiondoe kinga akidhani anasafisha.