Mjane Abaki Ndani

Wanangu, haya nimeyasema matanga kwa matanga, nanyi mmeitikia "ndiyo, mzee". Nayasema tena, kwa sababu kila tukianua matanga namwona mtu wa ukoo akizunguka kibanja, akiuliza mjane anaondoka lini.

Mjane huyo huenda anaishi na virusi vya UKIMWI, na sisi watu wa Kagera hatuwezi kujifanya wageni wa maradhi haya. Wagonjwa watatu wa kwanza kutambuliwa Tanzania, mwaka 1983, walikuwa wa mkoa wetu. Zama zile mtu akiugua tulianza kutafuta mbao. Leo sivyo. Tangu 2004 dawa za kufubaza virusi zinatolewa bure, na anayezimeza bila kukosa hadi vipimo visione tena virusi katika damu yake, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Utafiti umethibitisha, si maneno ya kufarijiana.

Lakini kumeza bila kukosa kunataka mahali. Dawa inataka pa kuwekwa, inataka chakula na maji, inataka mlango unaofungwa. Mkimtoa mama huyu na watoto, leo atalala kwa shangazi, kesho kwa jirani. Kopo la vidonge ataliweka wapi asiulizwe? Kliniki alikoandikishwa ameiacha huku, na nauli ya kuirudia hana. Atakosa siku moja, kisha wiki. Virusi vitapanda, na vingine vitakuwa sugu kwa dawa ileile iliyokuwa ikimtosha.

Liko pia jambo mnalolijua ila hamtaki kulitaja. Mwanamke asiye na pa kulala huishia katika chumba cha mwanamume atakayempokea. Humo ndani atapata wapi nguvu ya kudai kondomu? Atasemaje kwamba anatumia dawa, na begi lake linaweza kutupwa nje usiku huohuo? Maambukizi yakianza upya hapo, mnakuwa wa kwanza kumwita malaya, ninyi mliomtoa ndani.

Mtaniambia ni mila. Naijua. Hata ile Amri ya Sheria za Mila ya 1963 ilisema mjane hana fungu kwa mumewe aliyeacha ndugu wa ukoo. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Wajane wawili wa nchi hii waliofukuzwa na wakwe waliifikisha hoja hiyo kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake, na mwaka 2015 kamati ikasema wamenyimwa haki yao. Mila ya kumhifadhi mfiwa nayo ni yetu. Mbona hiyo hamuikumbuki siku ya kugawana?

Nanyi wenye vyumba vya kupangisha mjini, mnaomtafutia mpangaji sababu mkisikia anahudhuria kliniki: Sheria ya UKIMWI ya 2008 inakataza unyanyapaa na ubaguzi. Kodi yake ni halali kama ya mwingine. Akikwama, mpeni muda, msimtangaze.

Kwa hiyo, kabla ya kugawa hata jembe, kikao kiandike kwamba mama anabaki katika nyumba na kibanja chake, wazee watie sahihi, nakala iende kwa mtendaji wa kijiji. Mkisema mzee amechoka, ni kweli. Ila nitakuja na mkongojo wangu kuuliza karatasi hiyo iko wapi.