Hadhana: Haki ya Mzazi au ya Mtoto?

Fikihi ya Kiislamu huugawa ulezi wa mtoto, wazazi wanapoachana, katika mafungu mawili: hadhana, yaani kumlisha, kumwogesha na kumlinda mtoto asiyeweza kujitegemea, ambayo huanzia kwa mama, na uwalii, yaani mamlaka juu ya mali na ndoa yake, ambao huanzia kwa baba. Nafaka, yaani gharama za chakula, mavazi na makazi, humwangukia baba hata kama mtoto halali kwake, hivyo baba anayezuia matumizi kwa sababu amenyimwa mtoto huchanganya mambo ambayo sheria imeyatenga kwa makusudi.

Swali gumu zaidi ni kama hadhana ni haki ya anayelea au ya anayelelewa. Jibu huonekana vizuri katika khului, yaani mke kujivua katika ndoa kwa kumlipa mume fidia: kwa wanazuoni wa Hanafi, mke akijivua kwa sharti la kuacha hadhana, khului husihi na sharti hubatilika, kwa kuwa mtoto ndiye mwenye haki hiyo, na mtu hawezi kulipa deni lake kwa kitu kisicho chake. Hoja hii yatosha kuonyesha kwamba anachokiita mzazi haki yake ni wajibu aliopewa nguvu ya kuutekeleza.

Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, huupeleka msimamo huo mbali zaidi, kwani mtoto afikapo tamyizi, yaani umri wa kupambanua mambo, ambao kwa kawaida hukadiriwa kuwa miaka 7, huachiwa achague mwenyewe. Mvulana akimchagua mama hulala kwake na kushinda kwa baba ili afundishwe. Akimchagua baba, baba hana ruhusa ya kumzuia asimzuru mama yake. Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, iliyotungwa kwa watu wa dini zote, nayo huchukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 hufaa kukaa na mama, ila dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi.

Palipo na utata ni kanuni kwamba mama akiolewa na mtu asiye jamaa wa mtoto hupoteza hadhana, ilhali baba akioa hapotezi chochote. Sababu inayotolewa ni hofu ya baba wa kambo. Lakini ikiwa haki ni ya mtoto, hofu hiyo yastahili kuchunguzwa katika kila nyumba, na nyumba ya mama wa kambo isisamehewe. Kadhi wa Kenya halikwepi swali hili, kwa kuwa Katiba ya mwaka 2010 inayoitambua mahakama yake katika ibara ya 170 ndiyo inayotaka, katika ibara ya 53, maslahi ya mtoto yatangulizwe katika kila jambo linalomhusu.