Uchovu wa Mwalimu ni Deni la Nani?

Huko Buigiri, mashariki ya Dodoma, ndugu zetu Waanglikana walianzisha shule ya wasioona mwaka 1950. Nasi Walutheri tunayo Irente kule Lushoto. Habari za shule kama hizi twazisikia kwa furaha. Lakini mwalimu achokaye katika kazi hiyo hatajwi, na akitajwa watu husema, Amepungukiwa na wito. Neno hili yatupasa kulipima.

Tazameni kwanza kazi yenyewe. Mtoto asiyeona huandika nukta nundu kwa kibao na kalamu ya kutobolea, akianza kulia kwenda kushoto. Kisha huigeuza karatasi na kuisoma kutoka kushoto. Kila herufi ina nafasi sita za nukta, na vidole vyake havijazoea. Mwalimu humshika mkono leo, na kesho, na mwezi ujao. (Aliyezoea ubao na chaki hudhani ya kuwa wanafunzi kumi ni mapumziko!) Hata jioni, watoto wa bweni wangali wake: huyu ana homa, yule awalilia wazazi.

Mkuu wa shule apimaye kazi hii kwa alama za mtihani tu hataiona. Na mwalimu akimwendea kusema amechoka, akajibiwa, Hii ni kazi ya wito, twaona ya kuwa jibu hilo, ingawa lina sura ya utauwa, ni kutumia mali ya mtu mwingine. Wito ni wa mwalimu mwenyewe. Mkuu wake hana ruhusa kuutoza kama kodi.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza ya kuwa uchovu wa namna hii hutokana na mashaka ya kazi yaliyodumu pasipo kutengenezwa, wala halikuuita ugonjwa. Basi haitoshi kuuliza moyo wa mwalimu ukoje. Tuulize pia ni nani aipangaye kazi yake.

Wengine watasema, Mkuu hana fedha, na vitabu vya nukta nundu ni ghali. Ni kweli. Walakini kugawa zamu za usiku kwa haki hakuhitaji fedha. Tena mkuu aweza kujifunza nukta nundu hata asome mwenyewe daftari la mtoto. Hapo mwalimu amepata shahidi wa kazi yake.

Nanyi wazee wa kanisa mwendao kuzitembelea shule hizi, mkiisha kuwasikia watoto wakiimba, ombeni kuoneshwa orodha ya zamu za bweni, mkaangalie ni jina la nani lirudilo kila juma.