Uliyeisikia Harufu, Sema

Wanangu wa Kililana, mambo yanapoharibika kazini, wa kwanza kujua si meneja. Ni kibarua aliyeshika mpira, aliyeinama karibu na vali, aliyetumwa kufagia nyuma ya matangi. Pua imekwisha kumwambia. Mbona hasemi?

Nauliza kwa sababu zamu imefika kwetu. Tangu Bandari ya Lamu ifunguliwe tarehe 20 Mei 2021, ufuo huu wa Ghuba ya Manda, uliojulikana kwa ufuta, mikorosho na miembe, umekuwa mlango wa mizigo. Mpango wa LAPSSET, ulioizaa bandari hii, una makubwa zaidi: bomba la mafuta ghafi kutoka Lokichar, na kiwanda cha kuyasafisha. Huenda yakaja, huenda yakakawia. (Mtambo wa makaa ya mawe wa Kwasasi nao tuliambiwa umo njiani, mpaka baraza la rufaa za mazingira lilipofuta leseni yake Juni 2019.) Lakini kijana wa hapa hana haja ya kungoja kiwanda ndipo akutane na sumu. Petroli ya mashua, mbolea, dawa za kufukizia nafaka, betri kuukuu za sola: vyote vishafika, na vingine vimelala chumba kimoja na watoto.

Narudi kwa yule kibarua. Amenyamaza kwa sababu tumemlea vizuri. Mtoto wa pwani hufunzwa kutomkatiza mkubwa, kutomkosoa fundi mbele za watu, kutojitia ujuzi mahali ambapo yeye ni mgeni. Barazani adabu hiyo inapendeza, na simwombi mtu aiache. Lakini baharia aliye omo akiuona mwamba hamwombi nahodha ruhusa ya kusema. Hupiga kelele, na nahodha mwenye akili huugeuza usukani kwanza, maswali baadaye. Hakuna aliyewahi kusema baharia huyo hana adabu.

Tena kusema ni nusu ya kazi. Usiku wa tarehe 2 Desemba 1984, katika kiwanda cha dawa za wadudu cha Union Carbide mjini Bhopal, India, wafanyakazi walianza kuwashwa macho kabla ya saa sita. Walijua maana yake: gesi inavuja. Wakasema. Jibu walilolipata ni kwamba jambo hilo litatazamwa baada ya chai. Wakati chai inanyweka, maji yalikuwa yamekwisha kuingia ndani ya tangi la methili aisosayaneti, nayo kemikali hiyo ikikutana na maji huchemka na kujipandisha joto yenyewe. Mtambo wa kulipooza tangi ulikuwa umezimwa miezi kabla. Mnara wa kuichoma gesi inayotoroka haukuwa ukifanya kazi. Yapata tani 40 za sumu zikatoka na kuutambaa mji uliolala, na waliokufa walihesabiwa kwa maelfu.

Watu wengi husimulia Bhopal kama habari ya mitambo mibovu. Mimi huiona pia kama habari ya neno “kawaida”. Kuwashwa macho pale kulikuwa kumezoeleka, na kilichozoeleka kilikuwa kimekoma kuwa habari. Kwa hiyo nyinyi wasimamizi, mafundi wakuu na manahodha wa mashua za abiria, nasaha hii ni yenu kuliko ilivyo ya vijana. Mkiletewa neno, ondokeni mkatazame. Mkikuta si kitu, mshukuruni aliyelileta, tena kwa sauti, wengine wasikie. Ukimdhihaki mara moja kijana aliyekuja na hofu isiyokuwa na sababu, umekinunua kimya cha genge zima, na siku ya hofu ya kweli hutaletewa.

Beirut nayo ilikuwa bandari. Tani 2,750 za nitrati ya amonia zilikaa ghalani miaka kadhaa, barua za kuonya zikaandikwa, wakubwa wakajua, na tarehe 4 Agosti 2020 ghala likalipuka na kuharibu sehemu kubwa ya mji. Maonyo yalikuwapo. Aliyekosekana ni wa kuyabeba mpaka mwisho.

Kuna tabia nyingine yetu ninayotaka kuigusa kwa uangalifu, kwa kuwa inavaa kanzu ya dini. Mpira umechomoka, petroli imemwagika, sigara ilikuwa hatua mbili tu, lakini haikuwaka. Tunasema alhamdulillahi, Mungu katuepusha, kisha mpira uleule tunaurudisha palepale. Shukrani ni wajibu. Lakini anayeshukuru kwa kuepushwa na akaacha kutafuta kwa nini mpira ulichomoka, ameipokea rehema na kuitupa baharini. Yule bedui aliyetaka kumwacha ngamia wake bila kumfunga, kwa madai ya kumtegemea Mungu, aliamrishwa na Mtume amfunge kwanza. Kila ajali iliyokosa kutokea ni somo ambalo halijalipiwa damu. Iandikwe, isomewe zamu inayofuata.

Wazee wetu hawakuwa wageni wa kujihadhari. Tazameni kazi ya chokaa. Aliyechoma matumbawe katika tanuu alijua kwamba chokaa iliyotoka motoni inaonekana imelala, kumbe haijalala: ikiguswa na maji inafoka, inavimba na kuunguza ngozi, na ikiingia jichoni inaweza kulipofua. Kwa hiyo palikuwa na mpango wa nani anatia maji, kiasi gani, asimame wapi. Husimama joshini, upepo ukitoka mgongoni kwake, wala hakuna mtoto anayeruhusiwa kukaa demani. Hakuna aliyemwita fundi yule mwoga. Ajabu ni kwamba kijana huyohuyo aliyerithi kazi ya chokaa akipewa pipa lenye maandishi ya Kichina, hulifungua kwa patasi bila kuuliza upepo unatoka wapi.

Na msilete sumu nyumbani. Pale Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi ukutani mwa kijiji kuanzia mwaka 2007. Phyllis Omido alikuwa mwajiriwa wake. Mwanawe mchanga alipougua na kupimwa, damu ikakutwa na risasi. Aliacha kazi, akasema, akakamatwa, akazidi kusema, mpaka kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ilirudisha hukumu ya fidia ya shilingi bilioni 1.3 kwa wanakijiji. Fidia ni haki yao. Lakini risasi ikishauharibu ubongo wa mtoto, hakuna shilingi inayourudisha ulivyokuwa.

Sasa tujitazame wenyewe: wako wavuvi wanaopasua betri na kuyeyusha risasi ya chubwi katika sufuria, jikoni, mama akipika pembeni. Moshi na vumbi la namna hiyo ndivyo vilivyowadhuru wa Owino Uhuru. Chubwi ziyeyushwe mbali na nyumba, joshini, kwa sufuria isiyorudi jikoni, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Vidonge vya kufukizia nafaka navyo visitiwe kwenye gunia lililo chumba cha kulala. Vikipata unyevu hutoa fosfini, na anayelala karibu nayo huenda asiamke.

Jambo la mwisho ni gumu, kwa kuwa linapingana na moyo mwema. Mwenzako ameshuka ngamani, au ndani ya tangi, au katika shimo la choo, akaanguka. Usimfuate. Samaki waliooza na maji machafu hutoa gesi yenye harufu ya yai bovu, lakini ikizidi huiua pua kwanza, na aliyeacha kuisikia hufikiri imekwisha. Ndiyo maana mara nyingi zinatolewa maiti mbili au tatu shimo moja: wa kwanza alikwenda kazini, waliobaki walikwenda kumwokoa. Anayeshuka afungwe kamba tangu mwanzo, na aliye juu aivute kamba. Akishindwa, aite watu, lakini yeye asishuke.

Sheria iko upande wenu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na kamati ya usalama, inataka kemikali ziwe na vibandiko na karatasi ya maelezo, na inamkataza kumwadhibu mfanyakazi kwa kulalamikia hatari. Wewe nawe inakutaka utoe taarifa unapoiona hatari iliyo karibu.

Basi siku ya kwanza kazini, kabla ya kushika chochote, muulize msimamizi mambo matatu: ndani ya hili kuna nini, kikimwagika nifanye nini, na nani nimwambie. Akikucheka, muulize mara ya pili, mbele ya wenzako.