Uhai Ndani ya Barafu

Ndugu msomaji, ukiitazama bahari ya Aktiki iliyoganda, utasema: hapa hapana uhai. Lakini maji ya bahari yanapoganda, kwenye nyuzi 1.8 chini ya sifuri, chumvi husukumwa kando ikabaki katika vifereji vyembamba vya maji makali. Humo huishi viumbe wasioonekana kwa macho. Mwaka 2004 wataalamu Junge, Eicken na Deming walieleza kwamba bakteria wa barafu hiyo walionekana wakifanya kazi hata kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri.

Mtafiti huitoboa barafu kwa keekee, huku mwenzake akilinda dubu wasije, akatoa kipande kirefu mfano wa mchi. Je, hukiyeyusha upesi? La! Viumbe waliozoea chumvi kali wakitoswa ghafula katika maji yasiyo chumvi, wengi hupasuka. Basi mara nyingi huongeza maji ya bahari yaliyochujwa, akangoja polepole.

Zingatia, ewe uliyeongoka. Mzazi wako asipokufuata, wasema: moyo wake umekufa. Je, umetoboa ukaona? Tena akiuliza swali moja, wamwagia hoja zote siku moja, na kilichokuwa hai chafia mikononi mwako.

Nawe unayetafuta bado, usiukatie tamaa moyo wako kwa ubaridi wake. Aliyehifadhi uhai ndani ya barafu hashindwi kuuhuisha.

Mwenyezi Mungu atujalie subira. Amin.