Tuzipunguzie Nyoyo Mizigo



Tunasimama katika sala, ulimi wasoma Alhamdu, na moyo uko dukani. Imamu atoapo salamu, hatujui rakaa ya pili ilisomwa sura gani. Usiku nao twajilaza, usingizi hauji. Hapo wengine husema wamerogwa, wakaenda kununua hirizi. Sisi twasema: hawakurogwa. Wameubebesha moyo vitu ambavyo mahali pake si moyoni.

Tuwatazame ndugu zetu walioko bara, katika mtaa wa Langas, Eldoret. Ni mtaa wa vyumba vya kupanga vilivyosongamana, na riziki ya wengi ni biashara ndogo ndogo na vibarua. Mama auzaye mboga huko hukopesha watu kumi, na yeye mwenyewe adaiwa mkopo wa simu na kodi ya chumba. Yote hayo ayahifadhi kichwani, hakuandika hata moja. Ataisali vipi Isha kwa utulivu?

Dawa ya kwanza ni kuandika. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, yahusu kuandikiana madeni. Na Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa haimpasi Muislamu aliye na kitu cha kuusia kulala siku mbili ila wasia wake uwe umekwisha kuandikwa. Mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, walieleza walivyowajaribu watu 57: walioandika kwa dakika 5, kabla ya kulala, kazi zinazowangoja walipata usingizi upesi kuliko walioandika waliyokwisha kuyatenda. Basi na liwe daftari kando ya kitanda: nadaiwa nini, nadai nini, kesho nifanye nini. Daftari halilipi deni, lakini mwenye kulijua deni lake ndiye awezaye kupanga kulilipa.

Dawa ya pili ni kukiweka mbali kinachotushughulisha. Mtume (S.A.W.) alisali na nguo yenye nakshi, akaitupia jicho, alipomaliza akaamuru ipelekwe kwa Abu Jahm, kwa kuwa ilimshughulisha katika sala. Ikiwa nakshi za nguo ziliondoshwa, je, simu iliayo mfukoni mwetu msikitini?

Dawa ya tatu ni kunyamaza baada ya Isha. Mtume (S.A.W.) hakupenda mazungumzo baada ya sala hiyo, nasi ndio wakati tufunguao simu kupokea na kupeleka uvumi. Watu wa Langas waijua hasara yake. Baada ya uchaguzi wa Disemba 2007 mtaa wao ulikumbwa na machafuko, na siku zile maneno ya chuki yalizungushwa kwa simu nchini Kenya. Moyo ulioshiba uvumi usiku huamka ukimwona jirani kuwa adui.

Wala hatusemi kuwa kila dhiki huondoka kwa daftari. Ambaye huzuni yake imekuwa maradhi na aende hospitali; kujitibu si aibu, na tumeamrishwa.

Basi ndugu zetu, tuanze usiku huu huu: tuandike, tuzime simu, tutie udhu, tumdhukuru Mola wetu, kisha tulale. Moyo ni mmoja, tusiufanye ghala. Mwenyezi Mungu atupe nyoyo zilizotulia. Amin.