Taa ya Betri

Ilikuwa saa mbili kasoro usiku, tumetoka Nyeri tukielekea Nanyuki, abiria kumi na wanne ndani ya matatu na mmoja wa ziada aliyebanwa mlangoni. Nilikaa mbele, katikati ya dereva na cucu mmoja aliyepakata kikapu. Tulipopita Kiganjo nikaona taa ndogo nyekundu imewaka kwenye dashibodi, ile yenye alama ya betri. Dereva aliiona pia. Aliigonga kwa kidole mara mbili, kisha akazima redio.

Mimi nilisomea mambo ya umeme kwa miaka miwili kabla karo haijanishinda na kuacha chuo. Sijui mengi, lakini hilo nalijua. Taa hiyo inamaanisha altaneta haichaji. Kuanzia hapo gari linakula akiba ya betri, na betri ikiisha, imeisha. Injini ya dizeli inaweza kuendelea kunguruma bila stima nyingi. Taa za mbele haziwezi.

Kiganjo kuna taa, kuna watu, kuna mafundi. Angeweza kusimama. Alikanyaga mafuta.

Tulipoiacha Naro Moru nyuma mwanga wa mbele ulikuwa umefifia hadi manjano ya mshumaa. Konda akatoa nusu ya mwili nje ya mlango, akaimulika barabara kwa tochi ya simu. Lori lilitokea upande wa Nanyuki likatupigia honi ndefu, likapita karibu sana hivi kwamba nilisikia upepo wake. Ndani hakuna aliyesema neno. Hata mimi, ambaye pengine ndiye pekee niliyejua tangu Kiganjo, sikusema neno.

Tulipofika stage, cucu alishuka polepole, akasema, "Ngai ni mkubwa. Ajali haina kinga." Mimi nikamwambia konda ile taa iliwaka mapema, wangesimama. Akaniangalia kama mtu anayedai chenji mara mbili. "Boss, si tumefika?"

Nimelibeba swali hilo kwa muda mrefu. Si tumefika? Ni hoja yenye nguvu kuliko inavyoonekana. Kama hakuna aliyeumia, kosa liko wapi hasa?

Chukua kisa ambacho hawakufika. Oktoba 11, 1983, usiku, ndege ndogo ya kampuni ya Air Illinois iliruka kutoka Springfield, jimbo la Illinois, Marekani, kwenda Carbondale. Ilikuwa Hawker Siddeley 748, ndege ya propela mbili ambayo watu wa Wilson wanaifahamu vizuri. Kuna kampuni ya hapa Kenya, 748 Air Services, iliyochukua jina lake kutoka kwa ndege hiyo. Usiku ule ilikuwa na watu kumi ndani, abiria saba na wafanyakazi watatu, na ilikuwa nyuma ya ratiba.

Dakika moja na nusu hivi baada ya kuruka, jenereta ya kushoto ilikufa. Kila injini ilikuwa na jenereta yake, kwa hiyo bado kulikuwa na ya kulia, na moja ingetosha. Lakini rubani msaidizi, katika ile haraka ya kiza, alidhani tatizo liko kulia, akaitenga jenereta nzima badala ya mbovu. Walipojaribu kuirudisha, haikukubali. Sasa ndege nzima ilikuwa inaishi kwa betri.

Uwanja waliotoka ulikuwa nyuma yao kwa dakika chache tu. Rubani mkuu aliamua kuendelea na safari. Aliwaambia waongozaji wa ndege kwamba wana tatizo dogo la umeme. Betri ilitarajiwa kudumu kama dakika 30 ikiwa vitu visivyo vya lazima vingezimwa mapema, na havikuzimwa vya kutosha. Nusu saa na kidogo baada ya kuruka, ndani ya mawingu, taa za geji na vifaa vya kuonyesha ndege imelalia upande gani vilikuwa vimekwisha. Ilianguka karibu na Pinckneyville. Wote kumi walikufa. Wachunguzi wa NTSB, bodi ya usalama wa usafiri ya Marekani, waliliweka lawamani lile chaguo la kuendelea, na wakamweleza rubani kama mtu aliyejisukuma mwenyewe kutimiza ratiba.

Nikisoma kisa hicho simwoni shetani. Namwona dereva wangu wa Kiganjo. Mtu aliyefanya safari ile mara nyingi, anayejua kila kona, ambaye mara zote alizokata kona kidogo, alifika. Kila kufika kulimfundisha kwamba anaweza. Ndiyo maana "si tumefika" inanitisha.

Kwa nini ndege inategemea umeme kiasi hicho? Mchana wa jua, ukiwa Nanyuki, haionekani. Uwanja wetu mdogo uko nje kidogo ya mji, kando ya barabara ya Nyeri, na asubuhi ukikaa pale unaona Caravan zikitua moja moja, watalii wakishuka na kofia zao, mlima mzima umejianika nyuma yao. Rubani anaona kila kitu kwa macho. Stima ikipotea, anaweza kutua hivyo hivyo. Lakini ukifika mchana mlima unajifunika. Upande mmoja ni Mlima Kenya, upande wa pili ni Nyandarua, na katikati yake ndiyo njia ya Nairobi. Ndani ya wingu sikio la binadamu humdanganya. Linamwambia yuko sawa wakati bawa moja linazama. Kilichobaki ni geji, na nyingi zinataka umeme.

Hatuhitaji kufikiria sana kujua milima hii inafanya nini. Julai 2003 ndege ya kukodi iliyokuwa ikielekea Samburu iligonga Point Lenana, watu 14 wakafa. Juni 5, 2018, Caravan iliyotoka Kitale kwenda Nairobi iliishia Nyandarua na watu 10. Hizo hazikuwa ajali za umeme na sitaki kuzilazimisha ziwe. Nazitaja kwa sababu ya mawingu tu.

Sasa kanuni. Nilitarajia kuchoka nikizisoma, lakini nilikasirika.

Januari 18, 1969, Boeing 727 ya United iliruka kutoka Los Angeles usiku ikiwa na jenereta mbili nzima kati ya tatu. Ya tatu ilikuwa mbovu kwa siku kadhaa, na kanuni ziliruhusu, kwa sababu kila ndege ina orodha ya vifaa vinavyoweza kuwa vibovu na bado ikaruka. Baada ya kuruka, onyo la moto likawafanya wazime injini moja, jenereta yake ikaenda nayo. Iliyobaki ikalemewa, umeme wote ukapotea, na ndege ikaingia baharini na watu 38. Baada ya hapo Marekani ikaagiza kila jeti ya abiria iwe na kifaa cha tatu cha kuonyesha mlalo wa ndege, chenye umeme wake wa pekee, kinachoendelea kufanya kazi dakika 30 hata jenereta zote zikifa.

Kila jeti. Ile 748 iliyoanguka miaka 14 baadaye ilikuwa ya propela.

Kanuni ilikuja kupanuliwa polepole, kwanza kwa ndege kubwa za propela, kisha kwa ndogo zilizoundwa upya. Zile za zamani za viti 10 hadi 30 zilipewa muda hadi Desemba 20, 2010. Hesabu mwenyewe: kutoka 1969 ni karibu miaka 42. Kwa miaka yote hiyo sayansi ilikuwa ileile, wingu lilikuwa lilelile. Kilichobadilika kati ya abiria aliyelindwa na asiyelindwa ni idadi ya watu aliokaa nao.

Hapa ndipo watu wa hesabu hunijibu, na jibu lao si la kijinga. Wanasema: kifaa cha ziada kina bei. Ndege ya viti 12 inagawa bei hiyo kwa watu 12, ya viti 150 kwa watu 150. Ukiilazimisha ndege ndogo kubeba kila kitu inachobeba kubwa, nauli itapanda, baadhi ya abiria watarudi barabarani, na barabara ya Nanyuki kwenda Nairobi inaua watu kuliko anga. Kwa hiyo kanuni yako kali, rafiki yangu, itaua watu wengi zaidi.

Nimeligeuza jibu hilo mara nyingi. Sehemu yake nakubali. Sitaki kanuni za kujionyesha. Lakini angalia kinachofichwa ndani yake. Linahesabu vifo kama hasara ya soko zima, halafu linamkabidhi abiria mmoja mmoja hasara hiyo bila kumwambia. Yule aliyenunua tiketi hakuambiwa kwamba analipa kidogo kwa sababu akiba ya umeme ni ndogo. Angeambiwa, akakubali, hilo lingekuwa jambo lingine. Mimi mwenyewe hupanda boda bila helmeti nikiwa na haraka, najua ninachofanya, shingo ni yangu. Cucu wa kikapu hakujua maana ya ile taa nyekundu. Hakuchagua chochote.

Tena hoja ya bei haisimami kila mahali. Caravan, yenye injini moja, ina jenereta ya ampea 200, na inaweza kufungwa altaneta ya akiba ya ampea 75 kwenye injini hiyohiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Marekani iliporuhusu ndege za injini moja kubeba abiria ndani ya mawingu, iliweka sharti: ama vyanzo viwili vya umeme visivyotegemeana, au akiba inayoweza kubeba vifaa vya dharura kwa saa nzima, tena kwa asilimia 150 ya mahitaji yake. Hiyo asilimia 150 naipenda sana. Ni kanuni iliyoandikwa na mtu anayejua kwamba betri huzeeka na binadamu husahau kuzima vitu. Kampuni ziliendelea kuruka, nyingi tu.

Nanyuki hadi Wilson ni kama dakika 40 hivi. Nimejiuliza mara nyingi betri ya dakika 30 ingemwacha mtu juu ya nini.

Lakini kanuni kwenye karatasi nazo tumeziona. Agosti 25, 2023, stima ilipotea karibu nchi nzima. Mimi nilikuwa nyumbani Nanyuki, laptop ina asilimia 20, kazi ya mteja haijaisha. (Niliendelea kuandika badala ya kuhifadhi na kutuma nilichokuwa nacho. Ilizima. Mteja hakunilipa. Nisimcheke sana rubani.) Usiku huohuo uwanja wa Jomo Kenyatta, mlango mkuu wa nchi, sehemu zake zilikaa gizani kwa sababu jenereta ya akiba haikuwaka. Ilikuwepo. Ilinunuliwa, ikawekwa, na bila shaka kuna fomu mahali inayosema ipo. Waziri wa uchukuzi wakati huo, Kipchumba Murkomen, aliomba radhi, na mkuu wa mamlaka ya viwanja vya ndege akapoteza kazi. Kama jenereta ya uwanja mkuu, yenye macho yote ya nchi, inaweza kukataa, nani anapima betri ya kindege kinachotua kwenye murram ya Samburu? Kisheria jibu liko: KCAA. Ninachouliza ni kama mkaguzi huitoa ile betri na kuipima, au husoma tarehe kwenye kijitabu na kuweka sahihi.

Kuna fundi mmoja mzee wa umeme wa magari hapa karibu na stage, huwa napita kwake kupiga stori. Nilimsimulia kisa cha 748. Alisikiliza huku akisugua kaboni za altaneta kwa msasa.

"Huyo rubani alikuwa na makosa," akasema. "Lakini kijana, mtu amechelewa, usimuulize kama gari ni zima. Atakuambia ni zima."

"Nimuulize nani basi, mzee?"

"Usiulize. Mnyang'anye ufunguo."

Nimesoma kurasa nyingi za falsafa kwa simu tangu niache chuo, kuhusu uhuru na wajibu na hatari, na sijapata mahali palipolieleza hili upesi hivyo. Rubani wa Illinois alihitaji sheria inayosema: jenereta ya pili ikifa, unageuka, huna mamlaka ya kufikiria. Ingemwondolea aibu ya kuchelewa, kwa sababu si yeye angekuwa ameamua. Na ingempa rubani msaidizi, aliyekuwa amekosea kitufe na pengine ameona haya kupaza sauti, karatasi ya kushika mkononi.

Ile "ajali haina kinga" tunaisema matangani, na matangani mimi huinyamazia, maana mtu anayelia hahitaji ubishi. Lakini imehama. Imetoka matangani ikaenda kukaa kwenye vioo vya matatu, tena kabla ya safari kuanza.

Mwezi uliopita nilikuwa tena Nyeri, jioni, nikapanda matatu ya Nanyuki. Nilikaa mbele makusudi. Dereva alipowasha gari taa zote za dashibodi ziliwaka, zikazima, ikabaki moja. Nyekundu, ya betri. Safari hii nilifungua mdomo.

"Dere, hiyo taa ya betri mbona haizimi?"

"Hiyo? Hiyo ni sensa tu. Iko hivyo tangu Januari."

Nilitazama nyuma. Watu walikuwa kwenye simu zao, mama mmoja ananyonyesha. Nikamwambia konda nataka kushuka, anirudishie mia tatu yangu. Akasema pesa ikishaingia hairudi, kwani sikuona gari kabla ya kupanda? Mfukoni nilikuwa na shilingi sitini.

Nilikaa. Nikafunga mkanda. Nikashika simu mkononi, tochi tayari, na tulipokaribia Kiganjo nikaanza kuzitazama taa za mbele, kama zinafifia.